Mama Kevo na herufi mbili za ripoti

Mwezi wa Mei mwaka jana, muhula wa pili ukiwa ndio umeanza, Mama Kevo alikuja shuleni kulipa pesa za chakula cha mchana. Alinikuta nje ya darasa la Gredi ya 8, nimeketi kwenye kivuli nasahihisha vitabu. Akanisalimia kwa mikono miwili.

"Madam, asante kwa kazi unayofanya. Huyu mtoto sasa ameanza kushika. Hata nimemnunulia viatu."

Nikashangaa, kwa sababu Kevo (si jina lake) nilikuwa nimemwandika kwenye daftari langu pamoja na wale walionikosesha usingizi. Mama yake akafungua kibeti, akatoa ripoti ya muhula wa kwanza iliyokunjwa mara nne, akaikunjua taratibu na kuweka kidole kwenye mstari wa Hisabati. BE1. Akateremsha kidole hadi Sayansi Jumuishi. BE1.

"Si ni hii hapa? Bora Endelea."

Kevo ndiye aliyemsomea. Mama huyo aliachia shule darasa la nne, Kiingereza hakijui, na ripoti yetu yote ilikuwa ya Kiingereza tangu jina la shule juu hadi mstari wa sahihi chini. Mtu pekee nyumbani aliyeweza kumfasiria karatasi ile alikuwa mtoto aliyepata zile BE. Akafasiri jinsi mtoto mwenye hofu anavyoweza kufasiri.

Sikumwambia pale pale. Nilimwomba arudi jioni akishafunga biashara, nikaingia darasani nikiwa na aibu kubwa. Viatu vile Kevo alikuwa amevivaa siku hiyo. Vilikuwa vyeupe.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Sayansi Jumuishi katika shule ya umma upande wa Kaptembwa, hapa Nakuru. Nilizaliwa Mumias, nikaletwa huku na kazi mwanzoni mwa 2023, mwaka ule Gredi ya 7 ilipoanza nchini na madarasa yake yakawekwa ndani ya shule za msingi. Tulianza kama walimu wa mkataba, kwa shilingi 20,000 kabla ya makato, tukagoma 2024, na Januari 2025 mimi na wenzangu tukaingia ajira ya kudumu. Nayataja haya ili mjue kwamba katika miaka ile miwili ya kwanza, kuhusu wazazi, mimi pia nilikuwa nalaumu tu. Nilikuwa nasema hawajali. Walimu wengi tulisema hivyo kwenye chumba cha walimu, tena kwa uhakika.

Wazazi wetu wengi walisoma mfumo wa zamani wa 8-4-4, au ndugu zao waliusoma. Wanajua alama 500. Ukimwambia mtu wa Kaptembwa kwamba mtoto alipata 380, anajua afurahi kiasi gani. Ukimwambia 190, anajua anyamaze kiasi gani. KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na mtaala mpya ulipokuja, badala ya nambari zile tukawaletea herufi. Hakuna aliyeketi na Mama Kevo kumweleza kwamba EE ni kuzidisha matarajio, ME ni kufikia matarajio, AE ni kukaribia, na BE ni kuwa mbali na matarajio. Wala kwamba kila kiwango kimegawanywa mara mbili, EE1 ikianzia alama 90 kwa mia na BE2 ikiwa ni 10 kushuka chini, ili jumla ya masomo tisa ifike pointi 72 kwa anayepata EE1 katika yote.

Lililoniuma zaidi ni hili. Wazazi wengi bado wanangoja "mtihani wa mwisho" kama zamani, wakidhani mtoto atajikaza mwaka huo mmoja. Kumbe alama anazopangiwa nazo Gredi ya 10 zimeshaanza kuhesabiwa: asilimia 20 inatoka kwenye mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, asilimia 20 nyingine kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na 60 ndiyo KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9. Siku Mama Kevo alipokuja na ile ripoti, sehemu ya safari ilikuwa imekwisha bila yeye kujua kwamba imeanza.

Jioni alirudi, saa kumi na mbili kasoro, bado amejifunga leso ya sokoni. Yeye huuza viazi na karoti Soko la Wakulima. Nilimweleza kwa Kiswahili, polepole, Kevo akiwa ameketi hapo hapo. Nilitarajia amfokee. Alimtazama tu kijana wake, kisha akanigeukia: "Na mimi nitamsaidia na nini, madam? Mimi hata hilo swali siwezi kulisoma."

Nilikosa jibu. Nikaifungua karatasi ya mtihani wa Kevo ili nipate pa kuanzia.

Swali la kwanza alilokosa lilikuwa la gunia la viazi. Gunia la kilo 50, mfanyabiashara akauza mbili kwa tano ya viazi hivyo, vilivyobaki akaviuza shilingi 40 kila kilo, alipata pesa ngapi kwa vile vilivyobaki? Kwa Kiingereza. Kevo alikuwa ameandika 50 mara 40, akaacha hapo. Nikamwuliza swali lile lile kwa Kiswahili. Kabla sijamaliza kusema "kila kilo" akawa amejibu: "Elfu moja na mia mbili."

Mama yake akacheka. "Huyo kila Jumamosi ananisaidia kuuza. Chenji hajawahi kukosea." Halafu akaongeza kwamba gunia la kilo 50 aliyetunga swali amelitoa wapi, kwa sababu Wakulima magunia ni lumbesa, yale yaliyojazwa kupita kipimo.

Nilimwomba Kevo anionyeshe kwa kidole neno lililomshinda. Lilikuwa ni neno la "vilivyobaki". Neno moja tu. Tangu Gredi ya 4 watoto hufundishwa masomo karibu yote kwa Kiingereza, na mimi muda wote niliomfundisha nilikuwa namrudisha Kevo kwenye hesabu za sehemu, namchorea duara na kuligawa vipande, nikidhani shida iko hapo.

Pale ndipo tulipopata kazi ya Mama Kevo. Kila jioni akishafunga, Kevo anamsomea swali moja la Hisabati kwa Kiingereza, kisha anamsimulia kwa Kiswahili ni kisa gani kimeelezwa humo: nani ana nini, amefanya nini, tunaulizwa nini. Mama akielewa kisa, Kevo anaendelea kupiga hesabu. Mama asipoelewa, ina maana Kevo mwenyewe hajaelewa, anarudi kusoma, na neno lililomkwaza analiandika nyuma ya kitabu ili aniulize kesho yake. Dakika kumi, kumi na tano. Mama hahitaji kujua jibu wala Kiingereza. Anahitaji kusikiliza na kusema kweli kama ameelewa, na mtu anayesikiliza wateja siku nzima anajua mara moja anapozungushwa.

Muhula wa pili Kevo alipata AE2. Wa tatu akapata ME2, alama 43. Najua 43 si ya kupigiwa vigelegele mbele ya shule. Mimi nilivipiga moyoni.

Kutoka hapo nikaanza kuwatafuta wengine, na hapa lazima niseme kosa langu.

Kulikuwa na msichana, mtulivu, baba yake fundi wa mawe anayeishi Rhonda. Nilikuwa na ari mpya. Nilimpigia baba simu, akaacha kazi ya mjengo mapema, akaja na vumbi mikononi. Nikamsomea ripoti kwa Kiswahili safi, somo baada ya somo: mbali na matarajio, mbali na matarajio. Masomo manne. Alinishukuru kwa heshima, akaenda. Jumatatu msichana alikuja na sweta kwenye jua kali, na alipoinua mkono kuandika ubaoni niliona alama.

Nilikwenda kwao siku hiyo na mwalimu wa ushauri. Baba hakukana. Alisema, "Mwalimu, si wewe ndiye uliniambia?"

Maneno yale sijayasahau hadi leo. Nilikuwa nimempa mtu habari nzito nikamwacha nayo peke yake, bila kumwambia kesho afanye nini. Kumpiga mtoto hakuna udhuru, na hilo tulimwambia wazi, na suala likafuatiliwa inavyopasa. Lakini mimi nilijua sehemu yangu. Baba huyo hajarudi shuleni mpaka sasa. Anayekuja ni shangazi ya mtoto, na msichana bado yuko AE katika masomo mengi. Anakuja kila siku, na mikono yake naitazama bila yeye kujua.

Tangu siku ile sisomi ripoti bila mtoto kuwepo, na mtoto ndiye anayeanza: anasema mwenyewe anachoweza, kisha kinachomshinda. Halafu mimi nataja jambo moja la kufanya nyumbani wiki hiyo. Moja. Zamani ningetoa orodha. Mzazi anayelipa nyumba ya mabati na ana watoto wanne, ukimpa mambo sita umemwambia aache yote.

Na wanaogopa kazi ya nyumbani, msiwalaumu. Katika gredi za chini waliteswa na karatasi za manila, picha za kuchapisha saiba, vinyago vya udongo saa tatu usiku stima ikiwa imepotea. Wakazoea kwamba mtaala huu ni kazi ya mzazi kufanya na mtoto kubeba. Ukisema "tushirikiane" wanasikia "nunua". Nilipowaambia wazazi kwamba hakuna cha kununua, mmoja aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Jambo la muda lilisuluhishwa na mwakilishi wa wazazi wa darasa letu, mwanaboda. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka kila shule iwe na chama cha wazazi, na wawakilishi tunao, ila kazi waliyokuwa nayo ilikuwa kukubali bajeti. Huyu alichukua orodha ya watoto 58 akaniambia mzazi mmoja mmoja: huyu anatoka Wakulima saa kumi na moja, huyu ni zamu ya usiku kiwandani analala mchana, huyu ni nyanya, magoti yanauma, hawezi kupanda kile kilima. Mikutano yetu ilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi, ambayo kwa mtu wa kibarua ni kupoteza siku nzima. Wakati ule walikuwa wakija kumi na wanne, kumi na watano. Mwalimu mkuu alisita kuhusu kufungua geti Jumapili, akakubali baada ya bodi kukubali, na mkutano wa kwanza wa saa tisa alasiri, watu wakitoka makanisani, ulijaa hadi wengine wakakalia madawati mawili mawili. Walikuja 41. Kina baba tisa, nimewahesabu. Yule nyanya alipandishwa na mwakilishi kwa boda, bure.

Kila mmoja alipata karatasi ya nusu ukurasa niliyoiandika kwa mkono kwa Kiswahili: mtoto wako anaweza hiki, bado kinamshinda hiki, wiki hii fanya naye hiki. Ripoti rasmi ya Kiingereza imebanwa nyuma yake. Hakuna mzazi aliyeniuliza BE ni nini. Waliuliza maswali magumu zaidi: kwa nini mwalimu mmoja alikuwa hayupo wiki tatu, mbona maabara haina kitu, na mtoto anayependa kuchora aende mkondo gani kati ya ile mitatu ya Gredi ya 10. Mengine sikuwa na majibu, nikayaandika ili nimpelekee mwalimu mkuu.

Hilo nililiona zuri kuliko alama zote. Mzazi aliyeelewa ripoti huanza kuidai shule, na shule yetu ilihitaji kudaiwa.

Sasa darasa lile liko Gredi ya 9, nami nimepanda nalo. Kevo amerefuka, vile viatu vyeupe amemwachia mdogo wake. Mama yake wiki iliyopita alinipigia kuuliza kama anaweza kuja na mwenzake wa kibanda cha pili, mtoto wake yuko Gredi ya 7 shule nyingine, na ameletewa karatasi yenye herufi. Nimemwambia aje naye Jumapili.

Ripoti zinatolewa wiki ijayo. Za Kiswahili nimeshaandika 23. Zimebaki 35, na kalamu ya bluu imeisha wino, nimehamia nyeusi.