Nilivyozinyoosha rangi za picha za harusi, kutoka saluni mpaka ukumbini

Napiga picha za harusi na sendofu hapa Dar, na kama na wewe uko kwenye hii kazi unajua siku moja tu unapita kwenye mwanga wa kila aina, asubuhi saluni kuna tyubu za dari na dirisha pembeni, mchana kanisani, jioni ufukweni, usiku ukumbini taa za DJ zinazunguka. Kamera ukiiacha oto inajitahidi kweli, siisemi vibaya, ukiangalia picha moja moja unaona ziko poa. Balaa liko kwenye albamu. Watu walewale, mahali palepale, picha ya kwanza njano inayofuata bluu, maana oto inakisia upya kila unapobonyeza, ukisogeza lenzi kidogo wakaingia wasimamizi waliovaa chungwa basi yenyewe inaona chungwa limezidi inammwagia bi harusi ubluu usoni.

Mimi nikaamua hivi, bora picha zote zikosee sawasawa kuliko kila moja ikosee kivyake. Zikikosea sawasawa unanyoosha moja kwenye Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, unazikopia zilizobaki, umemaliza. Kwa hiyo waiti balansi, yaani ile sehemu ya kuiambia kamera mwanga uliopo una rangi gani, naweka kwa mkono, kwa kelvini, ambazo ni namba za kupimia rangi ya mwanga, na napiga RAW siku zote, faili ghafi ambalo rangi unaweza kuzinyoosha baadaye.

Namba zenyewe wala sio nyingi. Jua la mchana 5200 mpaka 5500, wingu kama 6000 au 6500, kivulini 7000 na kupanda, balbu za njano 2800 mpaka 3200. Kinachowachanganya wengi ni kwamba mwanga wa balbu ndio una namba ndogo, ila ukiishusha namba kwenye kamera picha inakuwa ya bluu. Ni kwa sababu unaiambia kamera "hapa pana njano nyingi", nayo inaongeza bluu kufidia. Ukishalielewa hilo hukariri tena, unaangalia skrini, uso ukiwa wa njano unashusha, ukiwa umepauka kibluu unapandisha.

Sasa kelvini inacheza kati ya bluu na njano tu. Tyubu na zile balbu za LED za bei rahisi zina ukijani, hapo upandishe ushushe mpaka kesho huutoi. Ndio maana natembea na kadi ya kijivu, kikadi cha kijivu kitupu kisichoegemea rangi yoyote. Nikiingia sehemu mpya, au taa zikibadilishwa, namwambia mtu, "Dada, naomba unishikie hii hapa chini ya kidevu," napiga picha moja naendelea, nikifika nyumbani nabonyeza kile kidude cha kuchagulia rangi juu ya kadi, njano na ukijani vyote vinakaa sawa. Usibonyeze kwenye shela! Kwanza mashela mengi ni ya krimu sio meupe, halafu vitambaa vyeupe na makaratasi vingi vina dawa ya kung'arisha inayovifanya virudishe mwanga wa kibluu, ukichukulia kuwa ndio weupe wenyewe ngozi za watu zote zinageuka njano.

Saluni nazima taa za dari nabaki na dirisha. Mpambaji atanuna kidogo lakini dakika chache anavumilia, maana shavu moja likipigwa na tyubu na lingine na dirisha hakuna namba ya kuokoa uso huo. Wakikataa kuzima, nashusha kasi ya shata mpaka 1/100 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50 kwa hiyo hizo taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ukipiga 1/500 unakamata kipande tu cha mpepeso na rangi inaruka picha hadi picha hata kama kelvini hujaigusa. Hili watu wengi wanalaumu kamera bure.

Sherehe za nje liangalie turubai. La bluu linampaka kila mtu bluu, la kijani ndio usiseme. Kama naweza nawasogeza ukingoni mwa tenti wapate mwanga wa nje, kama siwezi basi ni kadi tena.

Coco Beach wanapenda kwenda kuanzia saa 11 jioni. Ufukwe ule unatazama mashariki, jua linazama nyuma ya mji, kwa hiyo bi harusi akitazama bahari uso wake unaangaziwa na anga tu, naenda 6500 mpaka 7000. Akigeuka jua limpige naacha 5500, ile dhahabu ibaki, sioni sababu ya kuisafisha mpaka ifanane na saa sita mchana. Ila huku kwetu jua linashuka upesi, kila wakibadilisha pozi natupia jicho skrini.

Ukumbini ndio penyewe. Fleshi ina kama 5500 na taa za ukumbi 3000, ukiweka ya fleshi nyuma yote inakuwa chungwa, ukiweka ya ukumbi sura zinakuwa bluu. Nabandika mbele ya fleshi kile kikaratasi cha plastiki cha chungwa, CTO, inakuwa njano kama ukumbi, kamera naweka 3200. Kinakula mwanga kidogo, naongeza nguvu ya fleshi. Taa za zambarau za DJ naziacha zilivyo, watu wanacheza muziki bwana, mimi nalinda uso tu kwa fleshi.

Halafu mtu wa video. Anakuja na paneli lake amewasha 5600, analielekeza kwa maharusi na hesabu zako zote zimekwisha. Siku hizi namfuata mapema kabla MC hajashika maiki, "Kaka, taa yako inashuka mpaka 3200?" Paneli nyingi za sasa zinashuka, na yeye mwenyewe anafurahi maana nyuma kwenye video yake hakuwi chungwa tena.