Kikombe chenye uzi mwekundu

Jumamosi iliyopita binti yangu alinikalisha sebuleni tukatazama tamthilia ya Waingereza iitwayo It's a Sin, sehemu zote 5, tangu saa moja jioni hadi karibu saa sita usiku. Ilitoka mwaka 2021, mwandishi wake ni Russell T Davies, na inafuata maisha ya vijana wanaokaa nyumba moja London tangu 1981. Wengi wao ni mashoga. Ukimwi unawachukua mmoja baada ya mwingine.

Chai yangu ilipoa katika sehemu ya pili. Jill, msichana mweusi anayeishi na vijana hao, anasugua kikombe alichonywea rafiki yao mgonjwa. Anasugua, anasugua tena, mwishowe anakivunja na kukitupa. Na huyo Jill ndiye anayempelekea mgonjwa chakula mlangoni! Ni hofu tu, wala si roho mbaya.

Kikombe chetu, cha rafiki yangu aliyekuwa akiugua ukimwi, kilikuwa cha bati, rangi ya buluu, kimefungwa uzi mwekundu wa sufu kwenye mkono wake ili kisichanganyike na vingine. Mtaa wa Umoja, Nairobi, mwaka 2002. Uzi huo niliufunga mimi.

Rafiki yangu alikuwa karani mjini, na Jumapili aliimba sauti ya tatu katika kwaya yetu. Dawa za kupunguza makali zilikuwepo Nairobi wakati huo, ila kwa wenye pesa. Sisi tulikuwa na Septrin, vidonge vya kuzuia maambukizi mengine, na uji wa wimbi. Aliuona ule uzi siku ya kwanza, akakigeuza kikombe polepole, akanywa. Hakusema neno. Nimeishi na kimya kile miaka yote hii.

Binti yangu aliniuliza, "Mama, kwani huyu Jill hana mpenzi? Hana maisha yake?" Si yeye wa kwanza kuuliza, tamthilia ilipotoka, watu wengi walilalamika kwamba mwanamke mweusi amefanywa mto wa kulilia wengine. Jill halisi, Jill Nalder, rafiki ya mwandishi, ni mzungu, na mle ndani anaigiza mama yake Jill. Sioni kosa kumpa mwigizaji mweusi nafasi hiyo. Lakini ukishamwingiza nyumbani, mfungulie na chumba chake. Mimi katika miezi 14 ya kumuuguza rafiki yangu nilifutwa kazi ya duka kwa sababu ya ruhusa nyingi, nikaachwa na mwanamume niliyempenda, na usiku mwingine niliomba mgonjwa wangu afe ili nilale. Hayo yote yanaingia kwenye kamera.

Roscoe wamemtendea haki zaidi. Ni kijana wa familia ya Kinigeria. Wazazi wanamwombea kwa kelele, wanapanga kumrudisha Nigeria, naye anajipamba na kuondoka mbele ya macho yao. Maombi ya aina ile nimeyasikia kwa masikio yangu, hapa hapa Eastlands. Baba yake anapokuja baadaye kumwomba msamaha, nililia kama mtoto.

Kwetu, serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na michezo ya redio na televisheni ikajaa dereva wa lori, mume wa mtu, mjane, yatima. Watu wa kweli kabisa, sina ugomvi nao. Ila sikumwona hata siku moja mwanamume aliyekuwa akimpenda mwanamume. Tulimzika rafiki yangu kijijini kwao "baada ya kuugua kwa muda mfupi", ndivyo ratiba ya mazishi ilivyosema. Miezi 14, muda mfupi! Na chini ya majina ya ndugu nikajikuta nimeandikwa mimi: mchumba. Mama yake alinishika mkono akaniita binti yangu, mbele ya watu, na nikaitikia.

Mpenzi wake wa kweli, aliyekuwa akimgeuza kitandani usiku nikiwa nimechoka, alikuja na matatu ya alfajiri. Walidhani ni mtu wa kwaya tu, wakamtuma abebe viti. Alivibeba. Viwili viwili, kutoka shuleni hadi uwanjani, na koti lake jeusi limejaa vumbi.

Miaka mingi baadaye, mwandishi Binyavanga Wainaina alijitokeza mwaka 2014 akasema ni shoga, na Siku ya Ukimwi Duniani 2016 akasema ana virusi. Mkenya mmoja akayasema yote mawili kwa mdomo wake. Septemba 2018, mahakama ilipoiruhusu Rafiki, filamu ya Kenya ya wasichana wawili wanaopendana iliyokuwa imepigwa marufuku, kuonyeshwa kwa siku 7 tu, nilienda sinema ya Prestige kwenye Barabara ya Ngong, nikaketi katikati ya vijana waliokuwa wakishangilia, nikawaza kuhusu vile viti. Nataka tamthilia yenye mtu yule. Izungumzwe Kiswahili, na mama wa marehemu naye apewe nafasi ya kuwa mtu, kwa sababu nadhani alijua.

Binti yangu aliniuliza mpenzi huyo yuko wapi siku hizi. Yupo. Anameza dawa zake kila siku saa tatu usiku, na bado anaimba sauti ya nne. Nilimpigia usiku uleule, nikamwambia kuna kitu nataka tukitazame pamoja, na kwamba kile kikombe ninacho.