Kumsomesha mtoto wa kijijini Dodoma: fuata kalenda ya shamba

Ada yenyewe si kikwazo tena. Serikali iliifuta hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na mwaka 2022 ikafuta ya cha tano na cha sita. Kinachomrudisha mtoto nyumbani kule Bahi au Chamwino ni sare, chakula cha mchana, madaftari na umbali. Mfadhili mwenye pesa ya kutosha bado hukosea, kwa sababu hutuma wakati mshahara wake umeingia, si wakati familia inapobanwa.

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja: huanza Novemba mwishoni au Desemba, hukatika Aprili. Mtama, uwele na alizeti huvunwa kuanzia Mei, kwa hiyo pesa huonekana Juni na Julai. Shule hufunguliwa Januari, ghala likiwa tupu na mzazi akihangaikia kibarua cha palizi apate unga wa jioni. Pesa ya sare ikifika wiki hiyo italiwa, au itanunua mbegu ya kurudishia pale ilipoota ikakauka. Wafadhili huuita wizi. Mimi nauita hesabu sahihi ya mama mwenye watoto watano.

Basi gawa mara mbili. Novemba, kabla ya mvua, maliza sare na uongeze mbegu ya mtama wa muda mfupi, kama Macia. Ekari moja hutumia kama kilo 4. Ni gharama ndogo kuliko viatu, na ndiyo inayoilinda pesa ya viatu.

Julai shughulikia chakula. Gramu 150 za unga kwa siku, mara siku 194 za masomo, ni kilo 29. Ukikoboa, nunua mahindi kilo 37 hivi. Maharage gramu 40 kwa siku ni karibu kilo 8. Uliza kwanza kamati ya shule wazazi wamekubaliana kiasi gani, usije ukapeleka gunia wakati wenzako wanatoa debe.

Hapa kwenye kuhifadhi ndipo penye hatari. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Anika juu ya turubai, kamwe si ardhini. Kisha pima: chupa kavu ya kioo, vijiko vitatu vya chumvi kavu, nafaka robo chupa, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani. Ikiwa kavu, tumia mfuko wa tabaka tatu, plastiki mbili ndani na kiroba nje, na kila tabaka lifungwe peke yake. Wadudu hufa kwa kukosa hewa. Mfuko huohuo ukitiwa nafaka mbichi hufuga ukungu.

Sare mpe fundi cherehani wa kijijini: mashati mawili, sketi au suruali mbili, pindo la sentimita 5 la kushushwa mwakani. Lipa nusu mwanzo, nusu mwalimu wa darasa akithibitisha mtoto amevaa. Viatu usikisie namba. Mguu uchorwe kwenye karatasi, karatasi ikatwe ipelekwe dukani, uongezwe upana wa kidole. Nunua madaftari ya ndugu zake pia, la sivyo yake yatachanwa kugawana, na haki wanayo.

Matokeo ya mtihani huchelewa kusema ukweli. Omba mahudhurio ya mwezi kwa mwezi. Yakishuka Januari na Februari ni palizi. Yakishuka Machi au Aprili, mtoto yuko shambani anaamia ndege, maana kweleakwelea humaliza shamba la uwele kwa siku chache. Kumlipa kijana aliyemaliza shule akaamie badala yake ni matumizi halali kabisa ya ufadhili, hata kama hayapendezi kwenye picha.

Kwa sekondari iliyo mbali, baiskeli imara ya chuma, yenye kibebeo, ni bora kuliko kumpangishia chumba binti wa miaka 14. Ila miiba ya Dodoma haina huruma: pamoja na baiskeli nunua pampu, viraka, solusheni na tyubu mbili za akiba, na umlipe fundi amfundishe mtoto kuziba mwenyewe.