Fremu tano, barua chungu nzima

Makala yangu kuhusu filamu zilizopigwa Mji wa Kale, Mombasa, imekwama tena. Mhariri wa jarida ataka barua ya ruhusa kwa kila fremu, yaani picha moja iliyotolewa ndani ya filamu yenyewe, hata ile ya mlango wa nakshi niliyoichambua aya mbili nzima: mkono wa mwigizaji juu ya komeo, kivuli chake kimekatika kizingitini. Kampuni iliyotengeneza filamu hiyo ilishafungwa zamani. Sasa nimwandikie nani, jamani?

Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yaruhusu matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mtu bila kumwomba ruhusa, kwa utafiti, uhakiki na mapitio, mradi utaje chanzo. Marekani wanapima mambo manne: dhumuni, aina ya kazi, kiasi ulichochukua, na kama umemharibia mwenyewe soko. Filamu ya dakika 90, kwa fremu 24 kila sekunde, ina fremu 129,600. Mimi nataka tano. Soko gani hilo nimeliua? Na wasomi wa sinema huko huko Marekani walishatoa ripoti 1993 kutetea fremu za aina hii katika kazi za kitaaluma.

Ila picha za matangazo ni habari nyingine. Zile hupigwa na mpiga picha aliyesimama pembeni wakati wa kurekodi. Hazimo ndani ya filamu, na zaweza kuwa na hakimiliki yake mbali. Moja nzuri sana niliyopewa na mzee mmoja wa Kibokoni nimeiweka kando, roho yaniuma.

Mhariri nimemtumia maelezo ukurasa mzima. Aliyewahi kupitishwa bila barua aniambie alijitetea vipi.