Hodi ya Tatu

Nilipokuwa nasoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Hawaii mjini Hilo, nilijiunga na darasa la hula, ngoma ya asili ya Wahawaii, lililoendeshwa jioni na mke na mume katika banda la gari la nyumba yao. Nakiri kwamba nilikwenda nikidhani nitafundishwa kutikisa kiuno na kuvishwa shada la maua, kama watalii wanavyoonyeshwa hotelini. Wote wawili tuliwaita Kumu, neno ambalo kwao ni mwalimu na pia ni shina la mti. Mke alifundisha miguu na mikono. Mume alikaa kwenye mkeka uliosukwa kwa majani ya mti wa jamii moja na mkadi wetu wa pwani, mbele yake ipu heke, yaani vibuyu viwili vikavu vilivyounganishwa kimoja juu ya kingine, akivigonga chini kwa kishindo kisha akivipiga ubavuni kwa vidole, huku akiimba.

Kabla hatujainua hata kisigino, mume alitusomesha lugha kwa nusu saa, kwa kuwa katika hula mkono hueleza neno linaloimbwa, na asiyelijua neno hupunga hewa tu. Kihawaii kina herufi 13. Irabu zake tano ni zetu zile zile, lakini hakina r wala b, ndiyo maana Krismasi ilipowafikia ikawa Kalikimaka, na nyama ya ng'ombe, kwa neno walilolitoa kwenye Kiingereza, ikawa pipi, jambo lililonichekesha peke yangu darasa zima. Ufanani huo wa sauti uliniponza mara kadhaa. Kumu mke alipotaja “pua”, ambalo kwao ni ua, wenzangu walikusanya ncha za vidole kama ua linalotaka kuchanua, mimi nikajishika pua. Na aliponisifu kwa kusema “nani”, yaani uzuri, nilimjibu kwa heshima kwamba ni mimi.

Desturi iliyonigusa zaidi ilikuwa ya mlangoni. Mwanafunzi haingii tu. Tulivua viatu, tukajipanga nje, tukaimba kwa pamoja wimbo wa kuomba kuingia, na aliyekuwa ndani akajibu kwa wimbo wa kukaribisha pale tu aliporidhika. Nililielewa jambo hili haraka kuliko wenzangu wazaliwa wa Marekani, kwa sababu mimi nimekuzwa Pemba kwa hodi na karibu. Kumbe nilikuwa nimelielewa nusu.

Jioni moja ya mwezi wa tatu tangu nijiunge, mvua ilikuwa inamwagika kama inavyojua kumwagika Hilo, mji unaopata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Tulikuwa tisa, na paa la mbele ya mlango lilitosha watu wanne. Tukaimba. Kimya. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona Kumu mume akimtazama mkewe, naye akatikisa kichwa. Tukaimba mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, maji yakitutiririka mgongoni, na bado hatukujibiwa. Mara ya tatu nilijitahidi mpaka kifua kikauma. Kilichofuata ni sauti ya mvua juu ya bati, basi. Nikainama, nikachukua viatu vyangu, nikaanza safari ya kwenda kituo cha basi.

Sikuwa nimekasirika hata kidogo. Babu alitufunza kwamba mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana sababu zake. Nilikuwa nimefika barabarani mama mmoja mtu mzima wa darasani aliponifuata mbio, akanishika mkono na kunirudisha kwenye mstari kama mtoto mtoro. Tukaimba mara ya nne, na ya tano, ndipo jibu likaja.

Ndani, Kumu mke aliniuliza kwa nini niliondoka. Nikamweleza habari za hodi. Alisikiliza bila kutabasamu, kisha akasema kwamba tulikuwa tukiruka ʻokina, kile kituo kifupi cha kooni ambacho huandikwa kama koma iliyopinduliwa na kuhesabiwa herufi kamili. Pau ni kwisha na paʻu ni masizi. Angemkaribishaje mtu aliyekuwa akiomba kitu kingine? Mumewe akaweka vibuyu kando, akatusimulia juu ya bibi yake, aliyesoma baada ya sheria ya 1896 kuifanya lugha ya Kiingereza kuwa lugha ya shule, akaadhibiwa kwa kusema Kihawaii darasani, na utu uzimani akakizungumza na dada yake tu, jikoni, mlango umefungwa. Kumu mwenyewe hakuachiwa neno. Alijifunza lugha ya bibi yake akiwa mtu mzima, miaka kadhaa baada ya katiba ya jimbo kuitambua mwaka 1978 kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na maneno mengi, alisema, aliyapata kwanza katika nyimbo za hula, kwa sababu wachezaji walikuwa wameyashika neno kwa neno.

“Wewe unasimulia, na watu wamelowa,” mkewe akamkatiza, akaanza kutugawia taulo. Usiku ule hatukucheza. Tulikaa juu ya mkeka tukirudia ʻokina hadi koo zikakauka, naye akipita mbele ya kila mmoja na kumwekea vidole viwili kooni ili asikie kama sauti inakatika kweli.

Wiki iliyofuata tuliimba mara moja tu. Sauti ya Kumu mke ikaitikia kutoka ndani, taratibu, kwa wimbo mzima wa kukaribisha, na kabla haujamalizika vizuri, mumewe akapaza yake kutoka mkekani, kwa herufi alizonazo:

“Kalipu!”