Maziwa Yenye Moshi

Jana jirani alituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, si kwenye ndoo kama siku zote. Nilipofungua kifuniko, harufu ya moshi, ile ya kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, ikanipanda puani. Nikaketi. Binti yangu akauliza kama yameharibika. Nikamwambia hapana, ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Kilosa, 2003. Rudewa Mbuyuni ilikuwa bado mbichi vichwani mwetu: tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa pale katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tangu hapo habari nyingi tulizotuma sisi waandishi kutoka wilaya ile zilikuwa na umbo moja. Mkulima analia, mfugaji kaingiza ng'ombe. Tulijua mwisho wa habari kabla hatujafika kijijini.

Mtendaji wa kijiji kimoja ndiye aliyenipeleka shambani. Ekari tatu za mahindi, ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, zimelala chini. Mwenye shamba, mama mjane, alishika bua moja lililotafunwa akashindwa kusema. Nikampiga picha. Mtendaji akasema ng'ombe walikuwa 400, nikaandika 400. Jioni ile ile nikatuma kwa faksi, na mhariri akanipigia na swali moja tu: "Umebalansi?"

Nikamjibu kwamba wafugaji hawakupatikana.

Boma lao lilikuwa ng'ambo ya korongo. Moshi wake niliuona nikiwa nimesimama shambani.

Habari ilitoka ukurasa wa mbele, na picha ya yule mama. Wiki moja baadaye kijana wa Kimaasai alinifuata mjini: mzee wake ananiita, kwa nia njema tu, nisiogope. Niliogopa, lakini nilikwenda.

Mzee alikuwa amekaa chini ya mgunga. Alinipokea kwa salamu ya wanawake, "Takwenya", nikaitikia "Iko", kisha akatoa gazeti ndani ya shuka, limekunjwa mara nne. "Nisomee, mwanangu. Tumeambiwa tumeandikwa, lakini hakuna aliyetusomea lote."

Nikaanza kusoma maandishi yangu mwenyewe kwa sauti. Kila sentensi kijana aliigeuza Kimaasai, nami nikawa nasubiri, na katika kusubiri ndiko nilikosikia nilichoandika. Wanaume walikuwa wameinamia fimbo zao. Wanawake walikaa nyuma, watoto wamewaegemea. Nilipofika kwenye neno "wavamizi", kijana akanyamaza. Akanitazama, wala hakuwa na hasira.

"Dada, mvamizi ni mtu aliyetoka mahali. Niwaambie tumetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mzee akauliza kuna nini, wakazungumza kidogo, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba yeye alizaliwa katika bonde lile la Mkata, Hifadhi ya Mikumi ikiwa haijatangazwa. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964. Njia yao ya kwenda mtoni ilikuwapo miaka yote hiyo, mpaka ilipogawiwa watu walime. Akaninyooshea zizi, mifugo yote ilikuwa imeshaingia. "Hesabu." Nikahesabu wote, na ndama: 63.

"Na mahindi ya yule mama?" nikauliza. Nilishukuru kwamba angalau swali hilo lilinitoka.

"Waliyala. Vijana walilala, ng'ombe wakaingia. Tumelipa." Akanionyesha stakabadhi ya faini, ina mhuri wa kijiji. Tarehe yake ilikuwa siku moja kabla ya mtendaji kunipeleka shambani.

Hapo ndipo mama mmoja, yeyo kama vijana walivyomwita, aliponimiminia maziwa kwenye kikombe cha bati. Yalinukia moshi. Niliyanywa yote kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Nilirudi kwa mjane, akaniambia hajaona hata shilingi. Mtendaji akasema fedha ziko "kwenye utaratibu". Nikaandika upya: mahindi yaliliwa kweli, faini ililipwa kweli, na aliyeliwa mahindi hajalipwa. Mhariri akasema habari imepoa. Nilichopata ni ufafanuzi wa mistari minne ukurasa wa ndani, kwamba ng'ombe hawakuwa 400. Kuhusu neno lile halikusemwa lolote, na sikulipigania kama nilivyopaswa.

Kanuni za maadili za Baraza la Habari nilikuwa nazo kwenye mkoba siku zote zile. Zinasema anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujibu. Nilizijua. Hata leo nikikuta gazetini "hawakupatikana", nasoma sentensi hiyo mara mbili.

Ila anayenirudia zaidi si mzee. Ni yule mama mjane. Nilipomfuata mara ya pili, nilikuta ameibandika picha yake ukutani, juu ya kitanda, kwa ugali wa moto. Nikamweleza habari ya stakabadhi na hesabu ya ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile picha.

"Kwa hiyo gazeti limesema uongo juu yangu?"

Nikamwambia hapana, mama, si juu yako. Alitikisa kichwa polepole, akainuka kwenda kuibandua. Nilimshika mkono aiache. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema.