Mti wa njugu za Brazili: kazi kubwa iko kwenye mbegu

Ukiipanda mbegu na ganda lake, inaweza kukaa mwaka mzima au zaidi bila kuchipua. Ganda ni gumu mno. Lilainishe kwa kuloweka njugu kwenye maji saa 24, kisha libane polepole kwa jiliwa mpaka lipasuke, umalizie kwa kisu. Kiini kikichubuka, kuvu huingia na mbegu huoza. Kitie dawa ya kuvu kabla ya kukipanda kwenye mchanga wenye unyevu usiotuamisha maji. Njugu zilizokaushwa kwa ajili ya kuliwa usihangaike nazo, kwani mbegu hii hufa ikikauka. Mbichi zihifadhi ndani ya mchanga wenye unyevu.

Miche huanza kivulini, lakini ikishahamishiwa shambani inataka jua. Chagua udongo wenye kina usiofurika, na uache nafasi isiyopungua mita 10 kati ya miti.

Kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo (kijitawi cha mti mama) kwenye mche, hupunguza miaka ya kusubiri matunda, ila wengi hupanda shamba zima kwa vikonyo vya mti mmoja. Hilo ni kosa kubwa! Mti huu hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Changanya vikonyo vya miti mama tofauti. Maua yake huhitaji nyuki wakubwa wenye nguvu ya kuinua kifuniko cha ua, na nyuki hao wanategemea msitu ulio jirani. Ukiufyeka, utabaki na miti mizuri isiyo na matunda.

Tunda hukomaa kwa miezi 14 hivi na laweza kufikia kilo 2, kwa hiyo msipite chini ya miti msimu wa kudondoka.